Nimepata Kumbikumbi

Tafakari ya wiki. Masomo: Kutoka 16:13–36 na Mwanzo 16:6–14.



Wana wa Israeli walikuwa na mwezi mmoja tu tangu watoke Misri. Wako katika jangwa la Sini, kati ya Elimu na Sinai, njaa imewabana na manung'uniko yamejaa kambini. Asubuhi moja umande ukainuka, na chini wakaona vitu vidogo vyeupe vimetapakaa kila mahali. Hakuna aliyewahi kuviona, wala hakuna mzee aliyewahi kuwasimulia. Wakageukiana, wakaulizana hiki ni nini. Kwa Kiebrania chao swali lile lilitamkwa "man hu", na swali hilo hilo likageuka jina: mana. Hawakumngoja Musa atunge jina la heshima, wala hawakuitisha baraza la wazee. Watu wenye njaa, mikono imejaa chakula wasichokijua, walikiita chakula hicho "Ni-nini". Kwa miaka 40 wakaamka alfajiri kwenda kuokota "Ni-nini", kila mtu pishi yake.

Tena Bwana akaagiza pishi moja iwekwe katika chombo itunzwe kwa vizazi vyote. Waraka kwa Waebrania unasema chombo hicho kilikuwa cha dhahabu, na kilikaa ndani ya sanduku la agano pamoja na mbao za amri. Kwa hiyo kila walipohama, Walawi walibeba mabegani amri za Mungu, na pamoja nazo neno ambalo watu wa kawaida walilitunga kwa mshangao.

Nimeanza hapo kwa sababu ya swali la mzee mmoja wa kanisa letu, mtu ninayemheshimu sana. Alikuwa anapita karibu na darasa la shule ya Jumapili akasikia mtoto anapaza sauti: "Mwalimu, nimepata kumbikumbi!" Akadhani watoto wameingia na wadudu ibadani. Kumbe ni neno lao. Mwalimu alikuwa amewafundisha habari za Yakobo akiwa safarini, jinsi alivyoamka usingizini akatambua kwamba Bwana alikuwa mahali pale na yeye hakujua. Akawaambia kwamba mtu akifunguliwa macho namna hiyo, sisi husema "kumbe!" Mtoto mmoja akadakia, "Kumbe, kumbe, kumbikumbi!" Darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo, mtoto akielewa jambo la Neno la Mungu kwa ghafla, anainua mkono na kusema amepata kumbikumbi.

Mzee aliniuliza kwa upole kabisa: Mchungaji, ni sawa watoto kuchezea maneno mbele ya Neno la Mungu? Nilimwomba anipe muda. Jibu langu ni kwamba ni sawa, na ningependa usharika mzima ulisikie.

Tumtazame Hajiri. Ni mjakazi wa Kimisri, mjamzito, ametoroka mateso ya bibi yake Sarai, na yuko peke yake kwenye chemchemi katika njia ya Shuri, njia ya kurudi kwao. Someni sura ile polepole muone jambo. Abramu na Sarai wanapozungumza habari zake, hakuna anayemtaja kwa jina. Ni "mjakazi wangu" na "mjakazi wako", basi. Malaika wa Bwana ndiye anayemwita Hajiri. Na pale pale macho ya mwanamke huyu yakafunguka: yuko Mungu ambaye ananiona mimi. Ni mtu wa kwanza katika Maandiko tunayeambiwa kwamba alimpa Mungu jina. Hakulikuta jina hilo kwenye madhabahu ya Abramu, wala hakulirithi Misri. Alilitunga papo hapo, vumbi likiwa bado miguuni: Mungu Anionaye. Na kisima kile kikaitwa Beer-lahai-roi, kisima chake Aliye hai anionaye.

Sasa angalieni kilichofuata. Miaka mingi imepita. Hajiri na mwanawe wamekwisha kufukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu, na Isaka, mtoto wa Sara, ndiye mrithi wa mali yote. Isaka huyo anakaa wapi? Mwanzo sura ya 24 inasema alikuwa anatoka njia ya Beer-lahai-roi siku Rebeka alipowasili. Sura ya 25 inasema Ibrahimu alipokwisha kufa, Isaka alikaa karibu na Beer-lahai-roi. Mrithi wa nyumba iliyomfukuza Hajiri aliishi kwenye anwani aliyoitunga Hajiri. Kila aliyemwuliza Isaka anakaa wapi alijibiwa kwa ushuhuda wa mjakazi yule. Kila nikifika hapo huwa nashindwa kupita haraka. Kama mama huyu angeshukuru moyoni tu, akanywa maji, akaondoka, sisi leo tusingejua kwamba kuna siku mjakazi aliyedharauliwa alielewa habari za Mungu kuliko waliokuwa wanammiliki. Aliupa ufahamu wake jina, na jina likabaki hata yeye alipoondolewa.

Yakobo naye alifanya vivyo hivyo. Mji ulikuwa unaitwa Luzu, watu wanaujua kwa jina hilo, na yeye mpita njia aliyelalia jiwe akauita Betheli. Mtindo ni ule ule: Mungu anafumbua macho, na aliyefumbuliwa anatunga neno hapo hapo, bila kuomba kibali.

Mataifa mengine pia yana habari za namna hii. Wengi mmesoma shuleni juu ya Archimedes wa Sirakusa, ambaye mwandishi wa Kirumi Vitruvius anasimulia kwamba alitoka bafuni uchi akipiga kelele "Eureka", nimepata. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasaikolojia wa Kijerumani Karl Bühler alipotaka kutaja tukio la mtu kuelewa kitu kwa ghafla, hakwenda kutafuta istilahi ya Kigiriki au Kilatini. Alichukua mlio wenyewe unaotoka mdomoni, "aha", akaufanya istilahi ya taaluma. Sisi tuna "kumbe", na nadhani hatujamshukuru Mungu vya kutosha kwa neno hilo. Mtu anayesema kumbe anakiri mawili kwa pamoja: jambo lilikuwapo siku zote, na mimi ndiye sikuwa naliona. Hilo ndilo ungamo la Yakobo kule Luzu, lote katika neno moja.

Na sisi ni watu wa kutoa majina. Mama akienda dukani kununua kanga anauliza kwanza jina lake, yaani yale maandishi ya chini, kwa sababu anajua kanga itamsemea asichotaka kukisema kwa mdomo. Watoto wetu tunawaita Masika, Tabu, Baraka, Tumaini, kutokana na yaliyotokea nyumbani siku zile. Sasa kwa nini mambo ambayo Mungu anatufunulia yapite bila jina?

Watoto wale hawakukosea hata kidogo kuchagua kumbikumbi. Ninyi mliokulia Kagera na kanda ya ziwa mnajua zaidi yangu. Kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa. Huko ndani ya kichuguu wanalelewa muda mrefu bila mtu kuwaona, wakiingoja mvua. Mvua ikinyesha wanatoka kwa wingi, wanaruka muda mfupi, wanadondosha mabawa, kisha wanaingia ardhini kuanza makao mapya. Mwenye nyumba anatega taa juu ya beseni la maji, watoto wanakaa pembeni na sahani, na usiku ule ule mama anawakaanga kwa chumvi kidogo. Aliyelala mapema, asubuhi anafagia mabawa barazani. Ufahamu kutoka kwa Mungu huja kwa namna hiyo. Umelelewa ndani yako kwa miaka, kwa mahubiri uliyodhani umeyasahau na sala ulizodhani hazikufika. Huwezi kuulazimisha utoke. Ila ukitoka, ni lazima uukusanye siku hiyo hiyo, na jina ndilo beseni.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, na huo ndio unaonisumbua zaidi. Neno la kuchezea linaweza pia kutungwa ili kumfunga mtu mdomo.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu wao ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuacha yapoe, ndipo wayaweke kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi wanagombania. Mwenzake mmoja, ili awahi, aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba akaona akingoja yake yapoe atakosa trei ya mwisho, akaamua kuyaingiza yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi wakafungua. Ya Mpemba yameganda. Ya yule mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alikutana na rafiki aliyekuwa anatengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto maksudi, uwahi kuganda. Wauzaji wa mjini walikuwa wanajua tayari. Akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, wakati wa somo la sheria ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalipenda neno hilo. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema ni hisabati ya Mpemba.

Siku moja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, alitembelea Mkwawa. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya watu wote, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne naye hakuamini kwamba jambo hilo ni kweli. Lakini aliahidi kulipima. Aliporudi Dar es Salaam jaribio likafanyika, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na hadi leo dunia nzima jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana ni lini hutokea na kwa nini, na wengine wanatilia shaka kama hutokea kweli. Hata wanaobisha hulitaja kwa jina la kijana yule wa Magamba.

Wapendwa, jina ni lile lile. Darasani lilikuwa kejeli, vitabuni likawa heshima, na katikati yake alisimama mtu mmoja aliyekuwa na mashaka lakini akakubali kwenda kupima. Mimi naogopa kwamba makanisani mwetu tuna hisabati za Mpemba nyingi. Mtu anafunguliwa jambo, anajaribu kulisema kwa maneno yake kwa sababu maneno yetu ya mimbarani hayakutosha, na sisi tunacheka au tunamkatisha. Hasemi tena. Wengine hawarudi kabisa.

Niwape mfano wa mambo yalipokwenda vizuri. Katika jumuiya moja ya usharika wetu tulikuwa tunasoma Luka 24, wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau. Walitembea na Yesu njia nzima hawakumjua. Walipomtambua, katika kuumega mkate, akatoweka. Mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga akasema, "Hii ni neema ya kisogo." Vijana wawili wakaanza kucheka. Mwenyekiti wa jumuiya akawatazama, akasema, "Endelea, mama." Akaeleza. Mume wake alipougua, kwa miezi mingi alilala akimlaumu Mungu kwamba amewatupa. Baada ya maziko ndipo alipokaa akahesabu: ada ya mtoto ililipwa na nani, unga ulitoka wapi, nani alikuwa analala hospitali usiku yeye akirudi kwa watoto. Alimwona Bwana alipokwisha kupita. Akatukumbusha Musa katika Kutoka 33, aliyeambiwa kwamba uso wa Mungu hawezi kuuona, ila ataona nyuma yake.

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya Emau. Sikumbuki kimoja kilichonifundisha zaidi ya mama yule. Sasa hivi katika mtaa ule, mtu akiwa kwenye shida na haoni msaada, jirani humwambia, "Pengine ni ya kisogo, subiri," na anaelewa. Maneno hayo mawili yanafanya kazi ya kichungaji kila siku bila mimi kuwapo.

Jambo jingine fupi. Tarehe 28 Januari 1754 mwandishi Mwingereza Horace Walpole alimwandikia rafiki yake aliyekuwa Florence, akamwambia kwamba ametunga neno: serendipiti, la kutaja jinsi mtu mwenye macho makini anavyoangukia jambo jema ambalo hakuwa analitafuta. Alilitoa kwenye ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ngano yenye asili ya Kiajemi iliyochapishwa Venice mwaka 1557. Serendip ni Sarandib, jina ambalo mabaharia Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka, ng'ambo ya bahari yetu hii hii. Neno lilianza kama mchezo katika barua ya rafiki kwa rafiki, na sasa linatumika katika maabara na vyuo. Nikilisikia hunijia 1 Samweli sura ya 9, Sauli mwana wa Kishi alipotumwa kutafuta punda wa baba yake waliopotea. Alizunguka nchi ya milima ya Efraimu na Shalisha, akafika Sufu, akakata tamaa, akataka kurudi. Mtumishi wake ndiye aliyesema wamwone mtu wa Mungu kwanza. Kabla hata Sauli hajauliza, Samweli alimwambia asihangaike, punda wamekwisha kuonekana. Wewe toka leo nyumbani kwako kutafuta punda, lakini tembea macho wazi, maana Mungu huwakutanisha watu na mambo makubwa wakiwa kwenye shughuli ndogo.

Hata hivyo mzee wetu alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu, na simwachi peke yake katika hilo. Si kila linalomulika ghafla limetoka kwa Mungu. Mathayo 16 inatuonyesha Petro akipata ufunuo ambao Yesu mwenyewe alishuhudia kwamba umetoka kwa Baba, na papo hapo Simoni akathibitishiwa jina lake la mwamba. Mistari michache mbele, Petro huyo huyo anamkemea Bwana asiende msalabani, na anaambiwa aende nyuma, anaitwa shetani. Hata mana, waliyoiweka hadi asubuhi kinyume cha agizo iliingia mabuu ikanuka. Ndiyo maana Paulo anawaagiza Wathesalonike wasimzimishe Roho, na papo hapo anawaagiza wajaribu mambo yote. Watu wa Beroya walipokea neno kwa moyo wa bidii, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku. Mtu akitunga neno jipya la kutaja alichofunuliwa, tufungue Biblia pamoja naye tuone kama linasimama. "Neema ya kisogo" tuliipeleka kwenye Kutoka 33 na Luka 24, ikasimama. Kuna maneno mengine tumeyapima kwenye jumuiya zetu yakaanguka, na wenyewe wakayaacha bila kuaibishwa.

Kwa hiyo, mzee wangu, watoto waendelee na kumbikumbi yao. Ninachomwomba mwalimu wao ni kwamba kila mtoto anayesema amepata, aeleze amepata nini, na katika andiko lipi.

Na kwa jumuiya zote, wiki hii nina ombi. Kabla ya sala ya mwisho, kiongozi atoe nafasi kwa kila mmoja kusema jambo moja ambalo Mungu amemfungulia macho mwaka huu, na jina analolipa kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Asiwepo wa kumcheka mwenzake. Wenye haya wapewe muda, na wasiotaka wasilazimishwe. Katibu aandike katika daftari la jumuiya: jina, andiko na tarehe. Madaftari myalete ofisini kwangu Jumapili baada ya ibada. Nitayasoma yote.